Watoto wa Kambini

Shule tunayofundisha, wilayani Muheza, imejengwa mahali pa katikati. Upande wa mashariki ni kijiji cha Wabondei, chenye minazi na michungwa na kanisa la mawe. Upande wa magharibi ni shamba la mkonge, na ndani yake nyumba ndefu za mabati zilizogawanywa vyumba vyumba, ambazo watu wote huziita kambi. Kengele ya asubuhi ikilia, watoto huja kwa njia mbili. Wa kijijini huja kwa njia ya kanisani. Wa kambini hufuata njia ya toroli, yaani mahali palipokuwa na reli ndogo ya kuchukulia majani ya mkonge kwenda korona, ambayo vyuma vyake viling'olewa zamani vikauzwa. Wakifika uwanjani huchanganyika, wakaimba pamoja na kusali pamoja. Mgeni akisimama hapo hawezi kuwatenga. Lakini sisi tuliokaa hapa mwaka wa tisa twaweza kuwatenga hata tukifumba macho, na jambo hilo ndilo lililotusukuma kuandika.

Bwana Mhariri alituomba tuandike maneno machache juu ya makabila yetu mengi na umoja wetu. Ni maneno tuyajuayo kwa moyo. Kila mwalimu ameyafundisha: ya kwamba nchi yetu ina makabila zaidi ya 120, ya kwamba hakuna kabila moja lililo kubwa hata likayameza mengine, ya kwamba lugha moja imetufunga kama ukindu ufungavyo mkeka. Yote ni kweli, wala hatuna nia ya kuyakanusha. Walakini tulipoketi kuandika tuliona kwamba tukiyaandika hayo peke yake tutakuwa tumeandika habari za uwanjani wakati wa wimbo, tukaziacha habari za darasani.

Yafaa kwanza tueleze watu wa kambini walitoka wapi, maana wasomaji wengi wamewaona mashambani wakadhani wamezaliwa pamoja na mkonge. Na mkonge wenyewe ni mgeni. Uliletwa na Mdachi mmoja, Daktari Richard Hindorf, mwaka 1893, kutoka Florida katika Marekani. Miche iliyopakiwa ilikuwa 1,000. Iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Kutokana na hiyo 62 yalienea mashamba ya Tanga, Pangani, Korogwe, Morogoro na Kilosa, hata mwaka 1964 nchi yetu ikatoa tani zipatazo 230,000, ikiwa ndiyo ya kwanza duniani kwa zao hilo.

Sasa mkonge haujikati. Jani lake lina mwiba kwenye ncha, na utomvu wake huwasha ngozi. Mkataji huinama tangu alfajiri, akayafunga majani mafungu mafungu na kuyapanga kando ya reli. Wenyeji wa nchi hii, yaani Wabondei na Wasambaa na Wazigua na Wadigo, hawakuitaka kazi hiyo. Wako waliosema ni wavivu. Sivyo. Mtu mwenye muhogo wake na nazi zake hana sababu ya kwenda kuchomwa miiba kwa ujira mdogo. Basi ikawapasa wenye mashamba watafute wakataji mbali, mahali ambapo watu hawakuwa na cha kuuza.

Mahali hapo palikuwapo, na hatuwezi kusema ni Mungu aliyepafanya hivyo. Tazameni nchi ya Buha, huko Kigoma. Reli ilifika Kigoma mwaka 1914. Kodi nayo ilifika. Mazao ya kuilipia kodi hayakuletwa kwa miaka mingi, wala shule hazikuwa nyingi, kwa kuwa wakubwa wa zamani zile waliihesabu nchi ile kuwa ghala la wafanya kazi. Kilichobaki cha kuuza ni mikono. Lakini Kilimanjaro wenyeji walipanda kahawa yao wenyewe. Mwaka 1925 wakaunda chama chao cha wakulima, na mwaka 1933 kikafuatwa na Chama Kikuu cha Ushirika, kiitwacho KNCU. Fedha ya kahawa ikajenga shule, na shule ikaleta makarani na waganga na walimu. Bukoba kadhalika, na Rungwe kadhalika. Sisi Wabondei hatukuwa na kahawa, lakini misheni ya Magila ilikuwa katikati yetu tangu miaka ya 1870, na vijana wetu walikwenda Kiungani, Unguja, kusomea ualimu na ukasisi wakati ambapo makabila mengine hayajaona kitabu. Tukaandikwa katika hesabu ya watu wenye akili. Ni nani asiyeipenda hesabu ya namna hiyo akiwamo ndani yake?

Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge waliunda ofisi yao ya kuwaandika watu, ikajulikana kwa jina la SILABU. Watu wakaandikwa Kigoma na Kasulu na Kibondo, wengine Songea na Njombe. Wengine walivuka mto Ruvuma kutoka Msumbiji, na wengine walitoka Burundi na Rwanda. Kila mmoja alipewa namba, ndiyo maana wakaitwa manamba, na jina hilo lingali ni tusi hata leo. Malipo yalikwenda kwa kipande: karatasi yenye nafasi 30, kila siku ya kazi iliyotimia ikapigwa alama. Mshahara wa mwezi haukutoka mpaka nafasi zote 30 zijae, hata kama mtu aliugua, na mwezi wake ukawa wa siku 40. Katika kambi kila kabila liliwekwa safu yake. Waha hapa, Wamakonde kule, Wabena ng'ambo ya kisima. Mnyapara alizijua safu hizo kama mwalimu ajuavyo madawati.

Babu yetu mzaa baba alikuwa karani wa shamba katika miaka ya 1950. Alikuwa mtu mcha Mungu, mzee wa kanisa, na suruali yake ilikuwa na mkunjo daima. Alitusimulia mara nyingi jinsi manamba walivyoshuka katika malori, wamechoka, wamejaa vumbi, wakapanga mstari mbele ya meza yake. Yeye huuliza: Jina? Kabila? Kisha huandika namba. Majina ya Kiha yalikuwa marefu, naye hakukijua Kiha. Basi akiona jina limemshinda hulikata, au humwandika mtu kwa kabila lake na namba yake, akaendelea na mwingine. Alicheka alipoyasimulia hayo, nasi tuliokuwa watoto tukacheka naye. Hatukuona lolote baya. Alikuwa babu yetu.

Uhuru ulipokuja mwaka 1961 ulikuta nchi imepangwa kama ngazi. Juu Wazungu, kisha Wahindi, chini Waafrika. Kila mtu na shule yake, na hospitali yake, na mshahara wake. Ngazi hiyo ilivunjwa upesi. Tangu Januari 1962 shule zilizokuwa za rangi mbalimbali zilifanywa kuwa za wote. Mwezi wa Desemba mwaka ule ule Mwalimu Julius Nyerere alipohutubia Bunge akiwa Rais, alihutubia kwa Kiswahili. Yeye mwenyewe alikuwa Mzanaki, mtu wa kabila dogo la Butiama, na wengi huamini kwamba hilo lilitusaidia. Mwaka 1967 Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia shule zote za msingi. Mwaka huo huo ilifanyika hesabu ya watu, na ndiyo iliyokuwa ya mwisho kuuliza kabila. Tangu hapo hakuna karani wa hesabu aliyeuliza neno hilo.

Sisi twashukuru kwa ajili ya jambo hilo, na sababu yetu si ya vitabuni. Katika Rwanda, Wabelgiji waliandika kabila la kila mtu katika cheti chake katika miaka ya 1930. Vyeti vile vilisomwa njiani mwaka 1994, na neno moja lililoandikwa humo lilitosha kumwua mtu. Mwezi wa Aprili mwaka ule watu wapatao robo milioni walivuka mpaka wa Rusumo kuingia Ngara katika muda wa siku moja. Yeyote atakaye tuanze tena kuandikiana makabila na afikiri kwanza habari za daraja lile.

Tena Serikali haikuishia katika maneno. Mwaka 1970 ilizitwaa shule nyingi zilizokuwa za misheni, ili mtoto asikose nafasi kwa sababu ya dini yake au mahali alipozaliwa. Jambo hilo liliwauma wazee wa kanisa letu, na wengine lingali linawauma. Katika miaka ya 1970 nafasi za kidato cha kwanza ziligawanywa kwa mikoa, ili mikoa iliyochelewa nayo ipate yake. Mwaka 1974, huko Musoma, iliamriwa kwamba ifikapo 1977 watoto wote wapate elimu ya msingi. Mtoto wa Kigoma aliyesoma bweni na mtoto wa Moshi, wakala ugali katika sinia moja, hakurudi kwao vile vile alivyotoka. Tumewaona wazee wa namna hiyo, na twaweza kuwatambua kwa jinsi wanavyotaniana.

Lakini maji hutafuta njia. Wazazi wa Kilimanjaro walipoona nafasi zimepungua kwa watoto wao, walikusanya fedha, na makanisa yakasaidia, wakajenga shule zao wenyewe za sekondari. Hatuwalaumu, nani asingejenga? Ila mikoa isiyokuwa na kahawa haikuwa na fedha ya kukusanya. Hivyo tofauti iliyotolewa kwa mlango wa mbele ilirudi kwa mlango wa uani, imevaa nguo nyingine, wala hakuna mtu wa kulaumiwa. Leo mtu akiingia katika afisi kubwa akaona majina ya Kichaga na Kihaya yamefuatana, husema, "Watu hawa wanapendeleana." Mara nyingine ni kweli wanapendeleana, maana binadamu ni binadamu. Lakini kabla ya upendeleo palikuwa na kahawa, na kabla ya kahawa palikuwa na mvua ya mlima. Akili ya kabila haimo katika hesabu hiyo.

Mkonge ulianguka. Kamba za plastiki ziliingia sokoni, mashamba mengi yalitwaliwa na Serikali mwaka 1967 na kuendeshwa kwa shida, na kufika mwisho wa miaka ya 1990 mazao ya mwaka hayakufika tani 30,000. Mashamba mengi yakauzwa tena kwa watu binafsi. Katika miaka ile ya kuanguka watu wa kambini walilima mahindi katikati ya mikonge iliyozeeka, bila hati wala ahadi. Wenye mali wapya walipokuja, wengine wakaambiwa waondoke. Waende wapi? Buha hawaijui, aliyetoka huko alikuwa babu yao. Hapa hawana kiwanja, kwa kuwa ardhi ya kijiji ni ya ukoo, na ukoo wao haumo. Hivi ndivyo walivyo majirani zetu: wananchi kamili katika sheria, na wapangaji katika nchi waliyozaliwa.

Sasa turudi shuleni. Watoto wa kijijini wana mchezo wao. Humzunguka mtoto wa kambini wakamwambia, "Sema lori." Naye, kwa kuwa nyumbani wazee wake husema Kiha, nacho Kiha hakiipendi herufi ile, husema "rori". Hapo huanguka kwa vicheko. Tulipousikia mara ya kwanza tulikumbuka habari za Waamuzi, jinsi watu wa Gileadi walivyosimama kwenye vivuko vya Yordani wakamwambia kila apitaye aseme Shibolethi. Watoto wetu hawana upanga, lakini kivuko wanacho.

Tuliwauliza walimu wenzetu, wakatujibu, "Ni utani tu." Sisi twaujua utani, ni mali yetu ya kale. Mpare humtania Mchaga msibani, naye Mchaga humrudishia, na jamaa wa marehemu wakacheka katikati ya machozi. Utani una njia mbili. Mtoto wa kambini anapoambiwa "Muha wewe", hana la kurudisha. Atasema nini? "Mbondei wewe"? Hilo si tusi hapa petu. Jina la kabila lake limekuwa jina la kazi, na la nguo, na la chumba cha bati, hata tumesikia mama wa Kibondei akimkaripia mwanawe mchafu, "Umekuwa Muha!" Mama yule huja kanisani kila Jumapili, wala hana chuki na mtu.

Tungekuwa watu wema kama habari yetu ingeishia hapa, tukiwaonya akina mama na watoto. Lakini twapaswa kueleza lililotupata sisi.

Miaka mitatu iliyopita tulipata barua kutoka kwa kamati moja ya Kanisa. Palikuwa na nafasi za ufadhili katika sekondari ya bweni, ada na sare na nauli vyote vimelipwa, na shule yetu iliombwa majina matatu ya watoto wa darasa la saba, wenye akili na wasio na uwezo. Muda ulikuwa siku nne. Tulikaa jioni ile na daftari, tukaandika majina matatu. Hatukuchukua hata nusu saa. Wote watatu walikuwa wahitaji kweli: mmoja yatima, mmoja baba yake mgonjwa, mmoja wa mjane anayeuza machungwa barabarani. Twawajua, twazijua nyumba zao, tumekula kwao. Tulipeleka orodha, tukalala usingizi.

Katika darasa lile la watoto 58 palikuwa na msichana wa kambini aliyekuwa wa pili kwa muhula mbili mfululizo. Wale watatu tuliowaandika walikuwa wa tano, wa tisa na wa kumi na nne. Hatukumsahau, hilo lingekuwa kosa dogo zaidi. Jina lake tuliliona, kidole kikapita juu yake, na moyoni mlikuwa na maneno yaliyokwisha tayari: watu wa kambini huhamahama, pengine mwakani hayupo, pengine bibi yake hatakubali, pengine ataolewa. Maneno hayo tuliyatoa wapi? Msichana yule alikuwa hajakosa shule hata siku kumi tangu darasa la kwanza. Bibi yake hatukuwahi kumwuliza neno lolote, wala nyumba yake hatukuijua. Tungeulizwa jioni ile kama tumemwacha kwa ajili ya kabila lake, tungekasirika, tena tungekasirika kwa haki, kwa kuwa neno kabila halikupita mawazoni mwetu kabisa. Halikuwa na haja ya kupita.

Juma la pili baadaye, siku ya Alhamisi, bibi huyo alikuja shuleni. Alisimama mbali na mlango mpaka tulipomwita. Tulimwamkia, "Shikamoo, bibi." Akaitika, "Marahaba, mwalimu wangu." Tukajua amekuja kwa ajili ya orodha ile, tukaanza kutayarisha maneno ya kujitetea.

Akasema, "Mwalimu, sikuja kwa ugomvi. Mtoto ananiambia jina la babu yake halimo katika kitabu. Nasikia mtaandika majina ya mtihani. Nataka aandikwe la babu yake."

Tukalifungua daftari. Mbele ya jina lake la ubatizo, mahali pa jina la ukoo, paliandikwa "Muha". Mwalimu aliyemwandika darasa la kwanza alikwisha hamishwa. Lakini madaftari matatu ya mwisho yalikuwa na mwandiko wetu sisi. Mwaka hata mwaka tulilinakili neno lile, tukaliita asubuhi tukihesabu waliohudhuria, naye akaitika, "Nipo." Na kama angeingia katika mtihani na jina hilo, lingekuwa katika vyeti vyake vyote mpaka kufa kwake.

Bibi akafungua pindo la khanga yake, akatoa karatasi iliyokunjwa ndani ya mfuko wa nailoni. Kilikuwa kipande cha marehemu mumewe, kimekuwa rangi ya chai, na nafasi zote 30 zimejaa alama. Akasema alikitunza kwa sababu ndiyo karatasi pekee iliyokuwa na jina la mumewe. Tukakisoma. Namba yake ilikuwa wazi sana. Kabila lake lilikuwa wazi. Jina lilikuwa limekatwa, herufi nne tu, na karani alikuwa ameweka nukta. Hatuwezi kusema ni mwandiko wa babu yetu. Makarani walikuwa wengi, na shamba lile si alilolifanyia kazi kwa muda mrefu. Lakini tuliukumbuka ule mstari mbele ya meza, na kile kicheko.

Tukamwambia habari za orodha. Tulimwambia yote, kwamba mjukuu wake alistahili na kwamba sisi ndio tuliomwacha. Alikuwa hajui kitu. Hakujua kwamba ilikuja barua, wala kwamba palikuwa na nafasi. Wasomaji mnakumbuka habari za Matendo ya Mitume, sura ya sita: jinsi Wayahudi wa Kiyunani walivyonung'unika kwa kuwa wajane wao walisahauliwa katika mgawo wa kila siku. Tumehubiri juu ya sura hiyo mara mbili. Siku zote tulidhani habari yake ni habari za wagawaji wabaya, kumbe Mitume hawakuwa wabaya. Waliwapa mkate wajane waliowajua, wale waliosema lugha yao. Na waliponung'unikiwa hawakujibu kwamba katika Kristo hapana Myunani wala Myahudi. Walichagua watu saba wa kuisimamia kazi ile, na majina ya wote saba ni ya Kiyunani, toka Stefano hata Nikolao wa Antiokia. Lakini wale wajane walau walijua kwamba mkate unagawanywa. Bibi huyu hakulijua hata hilo, ndiyo sababu katika miaka yote hatukusikia manung'uniko toka kambini, nasi tukaihesabu ile kimya kuwa ni amani.

Hapa ndipo tunapotofautiana na wenzetu wanaosema kwamba, kwa kuwa hatuhesabu makabila, jambo limekwisha. Hatutaki yahesabiwe na Serikali. Tumekwisha sema kwa nini. Lakini mwalimu katika darasa lake, na mchungaji katika usharika wake, na mzee agawaye mbegu, haitaji karatasi ya Serikali. Anayo macho. Na ahesabu kimya kimya, jioni, kabla ya kutia sahihi: katika majina haya, ni wangapi waliokuja kwa njia ya toroli?

Bibi alikaa kimya kwa kitambo. Kisha akauliza, "Sasa jina litaandikwa?"

Tukasema litaandikwa. Tukashika kalamu, tukamwomba alitaje. Akalitaja kwa Kiha, na masikio yetu hayakulikamata. Akalirudia mara ya pili na ya tatu, polepole, nasi tukaona haya, tukiwa na herufi nne kwenye karatasi kama yule karani. Mwisho tukampeleka mtoto mwingine amwite msichana darasani. Alikuja, akamwamkia bibi yake, akatazama karatasi yetu. Akachukua kalamu, akaliandika jina zima kwa herufi kubwa, herufi kumi na moja.

Mambo mengine yatakwisha upesi. Tulikwenda kwa mchungaji, na mchungaji akaenda kwa kamati. Walitusikiliza kwa heshima, lakini wale watatu walikwisha itwa, na hatukuwa na moyo wa kumnyang'anya mmoja wao. Wangali wanasoma huko, na mmoja wao huongoza darasa. Msichana yule alifaulu mtihani, akaingia shule ya kata, ambayo ada yake iliondolewa mwaka 2016 kama shule zote za Serikali hata kidato cha nne. Ni mwendo wa karibu saa mbili kwa miguu, kwenda tu. Yuko kidato cha pili. Hesabu zake ni nzuri. Kiingereza chake kinamchelewesha, kwa kuwa hufika nyumbani jua limekuchwa, na katika kile chumba cha bati hamna taa ila ya simu ya jirani. Kwa mwaka huu tumepata baiskeli moja kwa msaada wa akina mama wa usharika, na mmoja wa waliochanga ni yule mama wa "umekuwa Muha". Hatukumweleza lolote. Alichanga mwenyewe.

Tulipokuwa tunasubiri jibu la kamati, tuliyapitia madaftari ya shule nzima, darasa baada ya darasa. Tulikuta watoto wengine wanne walioandikwa hivyo: wawili "Muha", mmoja "Mmakonde", na mmoja aliyeandikwa "Kambi". Tulikwenda kwa miguu kambini siku tatu, tukaketi na wazee, tukawauliza. Watatu wamekwisha pata majina ya babu zao. Huyo wa nne analelewa na mama asiyekuwa jamaa yake. Wazazi wake walikuja hapa kukata mkonge wakafa, na katika safu zote za nyumba hatukumpata mtu aliyejua babu yake aliitwa nani. Bado ameandikwa "Kambi", na kila asubuhi tunapofika kwenye jina lake huitika kwa sauti kubwa kuliko wote.